Mji

Waliponiita nilikuwa na miaka kumi na mitatu,
soksi za sufu zimetoboka visiginoni.
Tulipanga foleni koridoni, wasichana wa bweni,
Bolette mbele yangu, Regine nyuma,
nesi wa Kidenmaki akiyasoma majina yetu
kama mtu anayetafuna mwiba wa samaki.

Nilidhani ni kifua kikuu.
Siku zile kila kitu kilikuwa kifua kikuu.

Hakuna aliyemwuliza mama. Mama alikuwa mbali,
siku mbili kwa meli, akikwangua mafuta kwenye ngozi ya sili.
Daktari alinena neno moja: Tulia.
Nikatulia.
Chuma kile kilikuwa baridi kuliko Februari ya Maniitsoq,
na Februari ya Maniitsoq naijua.

Ndiyo miaka waliyokuwa wakifunga vijiji.
Chetu walikifunga kwa karatasi,
duka kwanza, kisha shule, mwisho kanisa,
wakatuhamishia kwenye ghorofa za saruji, maji ya bomba.
Mji, wakasema, mmejengewa mji.
Hawakusema kuna mji mwingine,
ule wa mimba,
huku chini ya kitovu changu,
nao wameutia kufuli,
na ufunguo umekwenda Kopenhageni.

Kila mwezi nilijikunja kitanda cha chini,
Bolette akajikunja cha juu.
Hatukuambiana. Aibu ilikuwa moja,
tukaila kila mtu na sahani yake.

Enok akanioa. Mama mkwe alihesabu miezi kwa vidole,
akamaliza vidole,
kisha akaacha kuniangalia.

Miaka thelathini na sita, huko Nuuk, daktari mwanamke
akainua kitu kwa koleo, kimejipinda,
cha njano kama jino la mzee.
"Hiki kitanzi uliwekewa lini?"

Kitanzi.
Atiwaye kitanzi ni mwizi, au ni muuaji.
Mimi niliiba nini?

Leo imekuja fomu ya fidia.
Regine naye kaletewa. Bolette haikumkuta.
Kuna kisanduku: idadi ya watoto.
Nimekifunika kwa donge la uzi,
namfumia soksi mjukuu wa dada yangu,
visigino navirudia mara mbili.

Chini kabisa wameacha mstari mtupu.
Sahihi yangu.
Sasa ndipo wanaitaka.