Ishirini na Tisa au Thelathini

Mafumbo thelathini, usiku mmoja fumbo moja.
Famau ndiye aliyeyatunga, Shaabani nzima,
akirudi hospitali anakotunza kompyuta za maabara,
na sheria akaiandika kwa chaki mlangoni mwao, Langoni:
Jibu haligawiwi. Swali hugawiwa.

Tukitoka tarawehe tunakutana barazani,
watu saba, laptopu nne, kebo moja
inayopita dirishani mwa Bi Tima kwa hisani yake
na kwa sharti kwamba kaimati zisibaki.
Punda wa mchanga akipita, sote twainua miguu
na Nuru anainua kebo, kama anayempisha bibi harusi.

Mamangu hajaelewa bado.
"Mwaandika kodi, mwaandika kodi. Kodi ya nyumba ipi hiyo,
haina mwenye nyumba wala risiti?"
Namwambia, Mama, ni kama vitendawili.
Anasema, "Basi asoyuwa natoe mui."

Tukalichukua neno lake.
Tangu usiku wa nne, anayeshindwa hutoa mji.
Nuru alitoa Siyu, kisha Faza, kisha Kizingitini.
Swaleh, mkarimu wa mali ya watu, alitoa Mombasa nzima.
Naye anayepewa mji hasemi jibu. Anasogea mkekani,
anasema: "Nisomee mstari wako wa saba, kwa sauti."
Na mara nyingi msomaji, kabla mstari haujaisha,
hujishika kichwa mwenyewe.

Usiku wa kumi na sita niliivunja sheria.
Aboudi, fundi simu wa Mkomani,
alikuwa amekwama kwenye kitanzi kisichoisha,
programu yake inazunguka, inazunguka, feni inalia,
nami nilikuwa nimemaliza zamani
na nilitaka ionekane kuwa nimemaliza.
Nikaivuta kompyuta yake. Nikaandika. Ikakubali.
"Haya," nikasema.
Alisema ahsante,
kwa adabu ya mtu aliyelipiwa deni mbele za watu.

Usiku wa kumi na saba hakuja.
Wa kumi na nane, mahali pake palilala paka.

Nikamfuata dukani. Alikuwa ameinamia simu
iliyopasuliwa tumbo, bisibisi mdomoni.
Akaitoa, akasema bila kuinua macho:
"Ulinitolea mji. Nami sikuwa nimeshindwa."

Sikuwa na la kusema, nikafungua kompyuta yangu.
Fumbo la jana lilikuwa limenikataa,
na hakuna niliyemwambia:
jibu pungufu kwa moja, kila mara kwa moja.
Akafuta mikono. Akasoma. Akachelewa,
akachelewa mpaka nikatamani kumnyang'anya.
Kisha: "Wewe ukihesabu siku, waanzia sifuri au moja?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshajishika kichwa.

Jioni ya ishirini na tisa watu walikuwa juu ya madari,
wamekodoa magharibi. Wengine wameuona,
wengine wameona wingu, redio inasema ngojeni,
na Famau yupo na fumbo la thelathini mfukoni, ndani ya flashi,
hajui alitoe au alilaze.
Aboudi akaninong'oneza: "Hata wao. Kosa lile lile.
Moja imezidi au imepungua?"
Tukacheka mpaka Bi Tima akafungua dirisha
kutazama kama tumepata habari.

Saa tatu na nusu ikatangazwa: Idi kesho.
Nuru akaikunja kebo. Swaleh akadai arudishiwe Mombasa.
Wakatawanyika, mmoja kutafuta fundi wa kanzu,
mmoja kuchukua kuku kwa shangazi yake,
na chaki ya mlangoni ikabaki pale, nusu imefutwa na mabega.

Fumbo la thelathini ninalo mimi.
Famau kanipa niliweke hadi mwakani,
limo kabatini, kwenye kopo la hina.
Sijalichungulia.

Nimelichungulia mara moja. Sikuambulia kitu.
Aboudi kanikataza kumwambia hata mstari wa kwanza,
nami sitamwambia.
Mji wangu uko tayari, nikitakiwa: Pate.