Zamu ya Nani Luku

Lebo yetu haina ofisi, ina ufunguo.
Unafungua chumba cha nyuma, hapa Newala,
ubavuni mwa ghala la korosho:
ukiegemea ukuta Jumatatu
shati linanuka maganda hadi Ijumaa.
Tumeiita Kangomba,
kwa kuwa tunapima kwa bakuli na hatuna kibali,
na Likwata alisema jina baya halisahauliki.

Malibiche ana vidole.
Likwata ana masikio na madeni.
Mimi ndiye daftari:
kaunta-buku la kurasa mia mbili
na kalamu nyembamba ya kuandikia memori kadi,
herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Toleo la kwanza lilikuwa mzani.
Mzani hasa, ule wa chama cha msingi:
gunia likitua, chuma hulia ngwe,
karani hutaja kilo, mkulima huguna.
Malibiche akaikata ile ngwe vipande kumi na sita
akaikimbiza mapigo mia na tisini kwa dakika,
wakulima wakasema, afadhali huku mzani una haraka,
kule malipo tunayasubiri tangu mwezi wa kumi.
Zilitoka kadi arobaini na moja. Moja ikarudi;
mwenyewe alidhani ni mawaidha.

La pili silisemi sana.
Ngoma za unyago zina wenyewe.
Tulinasa, tukapika, tukaonja,
na kabla hatujapakua nyakanga akatuma mtoto
mwenye maneno mawili mdomoni: "Hizo zirudi."
Zikarudi.
Kwenye daftari namba ipo, muziki haupo.

Kisha la tatu.
Usiku wa ukungu, ule wa kwetu
usiopiga hodi, unaoingia na kukaa kitini.
Malibiche amefika pale pazuri,
midundo inapanda ngazi mbili mbili,
umeme ukazima.
Spika kimya. Kompyuta peke yake,
kwa betri ya kuazima, ikaendelea kunasa:
giza, panya,
na sauti yangu, kavu, ya mtu aliyechoka kununua:
"Zamu ya nani luku?"

Nikasema futa. Likwata akasema subiri.
Tulibishana hadi tukamaliza dumu la maji,
na Newala dumu si la kumalizia ugomvi.
Nilishindwa kura mbili kwa moja.
Giza lilikuwa la saa nzima;
wakalipunguza, likawa sekunde nne.

Novemba, fedha za mnada wa pili zimeingia,
nikapanda lori la saruji hadi Nachingwea
kudai kadi ishirini kwa Somoe Nandonde wa duka la simu.
Usiku akanivuta uwanjani.
Spika tatu, moja imepasuka. Vumbi jekundu.
Muuguzi hajavua sare, fundi pikipiki ana spana mfukoni,
wakaipiga.

Midundo ikapanda ngazi mbili mbili
na uwanja mzima, nilidhani,
ni mimi pekee nijuaye kwamba shimo linakuja.
Likaja.
Watu wakaganda, mguu hewani,
na midomo mia tatu ikasema kwa ukavu wangu:
Zamu ya nani luku?
Nyuma kabisa kitoto kikajibu: "Yako!"
Na mdundo ukawashukia
kama gunia lililofumuka mshono.

Sikufungua mdomo. Daftari lilikuwa kwapani.
Asubuhi Somoe alilipa kumi na nane;
mbili, asema, zilizama mifukoni mwa wacheza.
Nikaandika hivyohivyo: zilizama.

La nne linatoka Ijumaa.
Likwata anataka niseme kitu ndani yake, kwa makusudi.
Nimekaa mbele ya maiki tangu adhuhuri
na kila neno linatoka limepigwa pasi.
Basi nimewaambia: washeni, mnisahau,
niacheni nihesabu kadi.
Na mita ikianza kulia
msiinuke.