Mchezaji Mmoja Yupo Karibu

Nyumba yetu ya Tandika ilikuwa na vyumba sita na LUKU moja,
na ukuta wa chumba chetu haukufika kwenye bati.
Juu yake ulipita mwanga, harufu ya dagaa,
kikohozi cha Mama Shaweji, redio ya mumewe,
na kitu kingine ambacho wakubwa hawakukijua.

Mashine yangu ilitoka Kariakoo, mkono wa tatu,
kioo kina ufa kama mto kwenye ramani,
kitufe cha kushoto hadi ukibembeleze.
Ya Shaweji ilikuwa nzima, ila bubu.
Bando hatukuwa nalo. Bando la nini?
Unabonyeza "tafuta", unahesabu hadi saba,
maandishi yanajitokeza chini ya kioo:
mchezaji mmoja yupo karibu.

Nilijua yupo. Nilisikia kitanda chake kikilia
kila alipokata kona.

Ikaja ile Jumapili ya umeme.
Nani kamaliza uniti? Friji ya nani
inagandisha barafu za ubuyu usiku kucha,
na nani huyo anayechanga elfu mbili tu?
Mama akasema neno. Mama Shaweji akasema mawili,
akaipiga ndoo teke, akaumia kidole,
maji yakaingia vyumba vyote sita
bila kuuliza nani kaanza.
Tangu hapo walipishana koridoni kama wageni wa gesti.
Nasi tukaambiwa: ole wenu mwende kwa wale.

Hatukwenda.
Tulizima taa, tukajifunika gubigubi,
yeye upande wake, mimi upande wangu,
tukafukuzana na magari kwenye barabara ya theluji
ambayo hata mmoja wetu hajawahi kuishika.
Akinishinda, hugonga ukuta mara moja, kwa ukucha.
Nikimshinda, hagongi.
Na umeme ukikatika mtaa mzima
sisi tulibaki tukimulika shuka kwa ndani,
asilimia kumi na moja,
asilimia tisa,
hadi usiku mmoja mashine yake ikazima juu ya daraja,
nami nikasimamisha gari
hatua moja kabla ya mstari,
nikamngoja, nikamngoja,
nikalala.

Walihama mwezi wa tano, mvua inanyesha,
godoro limefunikwa turubai, kirikuu kinaunguruma.
Chanika, wakasema. Wamejenga.
Shaweji alipita na mashine ndani ya soksi.
Hakuaga; mama zetu walikuwa wanatazama.
Usiku nikabonyeza "tafuta".
Nikahesabu hadi saba.
Nikahesabu hadi sabini.

Siku hizi tunacheza kwa mtandao, kwa simu ya kaka,
bando la kuungaunga.
Na mtandao una mambo yake:
gari la Shaweji linaganda kwenye kona,
linatetemeka kama lina malaria,
mara hilo liko mbele yangu, na wala halikunipita.
Nagonga ukuta kwa mazoea.
Ng'ambo yupo fundi cherehani, mpangaji mpya.
"Nani?" anauliza.
Namjibu hakuna mtu.

Jana bando lilikata tukiwa mzunguko wa mwisho.
Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.
Miezi yote hii ungedhani hajui nacheza na nani.
Akafungua pindo la khanga,
akatoa elfu moja iliyokunjwa mara nne,
akaiweka ukingoni mwa ungo.
"Kanunue lingine."
Kisha akauambia mchele, si mimi:
"Na huko mnakofukuzana,
muulize huyo mtoto,
kile kidole cha mama yake kilipona?"