Kidole Chini ya Taya

"Ulimi hauna mfupa."
Kwetu Kuze ilikuwa methali ya kugombezea wambeya.
Humu chumbani, saa moja na robo asubuhi,
ni habari ya nyama tu:
dawa ikimwingia, Bi Mwanashee atalegea,
na ulimi uleule uliomshindia kesi ya mirathi
utarudi nyuma, ujilaze juu ya njia ya hewa
kama paka mlangoni.

Simtii mpira kooni.
Baada ya saa moja nitamwamsha aseme,
na mwenye mpira kooni hasemi.
Nina mrija mmoja laini wa puani
na vidole viwili nyuma ya taya lake,
nalisogeza mbele, kidogo,
kama mtu anayefunua sufuria kuchungulia wali
asitake upoe.

Akakoroma.
Tsuma, mwanafunzi wangu, akatabasamu: kalala vizuri.
La. Anayekoroma anabisha hodi.
Ogopa akinyamaza ghafla,
kifua kikihangaika kupanda na kushuka
na kwenye kioo ule mstari wa pumzi
ukinyooka kama uzi wa fundi.

Kichwa kimebanwa kwa misumari mitatu, hakigeuki.
Upande wa pili wa pazia Daktari Mwachofi na msumeno wake.
Upande huu mimi, magoti chini,
nusu ndani ya shuka,
na nywele walizombakishia bado zanuka udi.

Nikapunguza dawa. Nikangoja.
Nikangoja tena.
Honi ya feri ikalia Likoni, akafungua macho.

"Bi Mwanashee, uko wapi?"
"Kwani wewe hujui?"

Kadi za picha zilitoka ng'ambo.
Ufunguo, akasema ufunguo.
Punda, akasema punda.
Ya tatu ilikuwa mtu wa theluji, ana pua ya karoti.
Kimya.
Mwachofi akainua mkono haraka
akidhani amegusa kisima cha maneno.
"Hicho," akasema Bi, "mimi sikijui.
Wala mama yangu hakukijua."

Iliyofuata niliichora mwenyewe, vibaya, jana usiku.
Akaikodolea.
"Mbuzi," akasema.
"Ya nazi. Si wa kuchinja."

Ile *ya*, na ile *wa*!
Nilitaka kumbusu.
Ngeli zake zote zi salama,
na Mwachofi, bila neno,
akaendelea kukata pembeni pake.

Kisha nikamrudisha usingizini, wamfunge.
Kiza kikamshukia usoni, taya likateleza,
vidole vyangu vikapajua pahali pake
kabla sijaviambia.
Hauna mfupa, kweli.
Nikauazima wa kwangu hadi saa saba kasoro,

na jioni, mlangoni kwangu,
kidole gumba kikakataa kugeuza ufunguo.