Hodi ya Nne

Chini ya ngazi, huko Alvani, kando ya madumu ya divai,
kuna kompyuta isiyo na kioo, ukubwa wa mkate,
na ndani yake mtumishi
asiyeonekana, asiyelala.
Waliomtunga walimwita pepo.
Mzekala humwita yule wa chini.

Kazi yake ni daftari moja la njia.
Kwenda Shenako, pitia mnara wa Omalo.
Kwenda Diklo, pitia Shenako.
Kwenda kwingineko kote duniani, toka kwa mlango wa bondeni.
Haulizi barua inasema nini.
Anauliza: inakwenda wapi, na ni nani aliye karibu zaidi na huko?

Kila sekunde kumi huwabishia majirani: hodi.
Hana la kuazima, hana habari ya kuleta,
anataka tu kusikia kwamba ndani mna mtu.
Sisi tulifunzwa hodi ni tatu, kisha geuza nyayo.
Yeye hupiga nne.
Sekunde arobaini kimya, ndipo hufuta jina,
hupiga hesabu upya, na kuwaambia waliobaki:
msipite tena kule.

Oktoba daftari hukonda.
Theluji hufunga njia ya Abano,
kondoo wameshuka, mbwa wameshuka, sufuria zimeshuka
zikigongana migongoni mwa farasi,
na nyumba moja moja huacha kuitika.
Mzekala hahuzuniki. Ndivyo milima inavyofungwa, chumba kwa chumba.

Ila Elizbar alikataa kushuka.
Miaka sabini na mmoja, kuni za kutosha, jibini, redio mbovu,
na kasha jeupe ukutani Diklo
linalokula jua kidogo la Januari.

Usiku wa tarehe tisa, saa nane na dakika kumi na nne:
hodi
hodi
hodi
hodi.

Kwenye kumbukumbu ukaandikwa mstari mmoja:
Jirani amekufa. Muda umekwisha.

Mzekala aliusoma amevaa viatu vya mumewe.
Ni lugha ya mashine, alijiambia. Husema hivyo hata mtu akichomoa waya.
Akausoma tena.

Binamu yake Bidzina akapiga simu kutoka Tbilisi:
Mzime, umwashe.
Nikimzima, akajibu, kila mtu ataanza kumtafuta kila mtu,
na aliyepotea ni mmoja.

Angeweza kuikaza njia kwa mkono wake mwenyewe,
njia ya msumari, isiyobisha wala kusubiri kuitikiwa.
Amri ya mstari mmoja. Vidole vilikwisha kuianza.
Daftari lingejaa, kila kitu kingesomeka salama,
na maneno yangetembea mpaka ukingoni mwa Shenako
yamwagike gizani, moja baada ya jingine, bila hata kishindo.
Akafuta herufi alizoandika.
Afadhali daftari lenye pengo.

Na hili hakuwa amelijua, alilikuta kwenye maelekezo
alfajiri ile, akitafuta jambo lingine:
jirani aliyehesabiwa mfu hakatiwi hodi.
Hupunguziwa.
Moja, kila dakika mbili.

Siku tatu, basi. Hesabu mwenyewe.
Elfu mbili na ushei, kwenye mlango uliofukiwa,
bila kuchoka, na bila kutumaini pia,
maana hilo hakuumbwa nalo. La kutumaini
lilikuwa juu ya ngazi, likichemsha chai isiyonyweka.

Siku ya nne, adhuhuri,
mtu alipanda paa la Diklo na ufagio.

Chini ya ngazi: jirani ameonekana.
Kisha: tunasikilizana pande zote mbili.
Kisha: madaftari yamelingana.
Njia ya Diklo ikarudi mahali pake, kupitia Shenako,
kana kwamba haikuwahi kutoka.

Ujumbe wa kwanza kupita ulikuwa na maneno matatu,
na yule wa chini aliupitisha pasipo kuusoma:

Raga iliishaje? Elizbar.