Masazo

Kazi yangu huanza wao wakinyanyuka mezani.
Napokea sahani, naiweka juu ya mizani,
naandika gramu za siagi iliyobaki,
za ukoko wa jibini, za mkate mweusi
uliong'atwa mara moja ukaachwa na alama ya meno.
Wameambiwa tunapima mapafu.
Hakuna aliyeambiwa habari zangu.

Ghorofa ya tatu, Tampere, mwezi wa Januari.
Jua huchungulia saa nne, saa tisa limeshaaga.
Chini yetu ziwa limeganda, watoto wanaliteleza
kana kwamba halikuwahi kuwa maji.
Chumba cha pili, baiskeli sita zisizokwenda popote
zinanguruma saa nzima, jasho likidondoka
kwenye mikeka ya mpira. Kisha kila mmoja
hupelekwa kwenye kijichumba chake, peke yake,
mwingine asije akamtia njaa,
na meza iko pale: samoni, viazi, uji wa shayiri,
maandazi ya mdalasini, jamu ya matunda ya msituni.
Kula upendavyo, wanaambiwa.

Mwanzoni nilidhani nitaona hesabu ya dukani:
aliyetoa mia atadai mia.
Mwili si duka. Au ni duka,
ila kila mwenye duka ana daftari lake.

Sointu, fundi wa meno, mwembamba kama uzi wake,
hushuka uso umeiva, na harufu ya samaki inamchukiza.
Hunywa maji. Huvunja kipande cha mkate,
hukigeuza, hukirudisha. Gramu kumi na moja.
Lakini kesho yake, siku ya kukaa na kusoma magazeti,
huijia meza kama mtu anayedai deni la ukoo mzima.

Oiva, dereva wa kreni: aendeshe, akae, apande ngazi,
mizani hunipa namba ileile.
Ningeweza kuiandika kabla hajanawa mikono.

Na Aune. Aune tulimwambia tu, asubuhi,
"Leo zamu yako," mashine ikaharibika,
hakukanyaga pedali hata mara moja.
Alikula maandazi manne.
"Nilikuwa nimeshajiandaa," alininong'oneza,
akilamba sukari kidoleni.

Wataalamu wanataka mstari mmoja ulionyooka.
Ninachowapa ni nukta zilizotapakaa
kama punje alizowamwagia kuku mtu mwenye haraka.
Mizani ninayo. Vina ndivyo vinavyonishinda.

Urpo, tarishi mstaafu, mgane wa miaka miwili,
ndiye aliyenitia wasiwasi. Miguu bado ya kazi;
vijana aliwaacha mbali kwenye namba za ukutani.
Kisha sahani ilirudi karibu kama nilivyoipeleka,
leso imetandikwa juu yake kama shuka ya hospitali.
Wiki tatu. Daktari Ylönen akaandika:
zoezi linamkata hamu.

Wiki ya nne hita ya kijichumba chake ikafa.
Nikamhamishia jikoni, kwenye stuli, kando ya sinki,
mimi nikisugua masufuria, yeye akitazama chakula.
Hatukusema mengi. Aliuliza kama maji yana moto.
Niliuliza barua ngapi zilimrudia bila kupata mwenyewe.
Akacheka, akavuta samoni. Akavuta viazi.
Akaomba siagi nyingine, akaipangusa sahani
kwa mkate hadi ikang'aa.
Niliipima. Sifuri.
Nikaipima tena.

Daktari alikifuta kipimo hicho. Kimeharibika, alisema,
na haki anayo: kulikuwa na mtu chumbani.

Jioni navuka ziwa kwa skii, kilomita nne,
upepo ukinichoma pua, moshi wa kiwanda upande wa kushoto.
Siku nyingine nafika, sivui hata koti,
nakula supu ya njegere kwa mwiko, nimesimama, kutoka sufuriani.
Siku nyingine njia ileile, baridi ileile,
nalala bila kugusa kitu.
Sijui kwa nini. Mimi sipimwi na mtu.

Hita imeshatengenezwa.
Stuli sijairudisha stoo.