Kikombe cha Pili

Tulikuwa na dakika moja na sekunde kumi na mbili.
Ndani yake, alisema Lamzira, mtazamaji ajue
kwamba mume amekufa, na asiambiwe.
Mwanzo wa ngoma ni lele,
lakini yeye alitaka lele iwe ngoma nzima.

Kutaisi, mwezi wa pili, ghorofa ya nne,
jengo lenye lifti inayodai sarafu kabla ya kupanda.
Tulipandisha vyuma, nyaya, taa, hadi sarafu zikatuishia,
na Otia akapanda kwa ngazi
kamera mgongoni kama mtoto mwenye homa.

Kwanza aliilaza sakafuni.
Kutoka kule chini, Guliko akimimina chai
alikuwa mnara, na mkono wake juu ya birika
ulikuwa mkono wa hakimu.
"Huyu kamuua mumewe," akasema Badri wa taa.
Tukacheka, kisha hatukucheka tena:
shubiri mbili tu za kimo
zilikuwa zimempa mwanamke kesi ya kujibu.

Akaipandisha juu ya kabati.
Sasa tuliona utosi, mstari wa mvi,
punje iliyosahauliwa kwenye sinia.
Lamzira akatikisa kichwa.
"Hiyo ni huruma ya bei ya chini.
Sitaki mtu wa kuonewa. Nataka mtu aliyeketi."

Basi ikashuka hadi usawa wa macho, ikatulia,
Guliko kulia, na kushoto
nusu nzima ya fremu, tupu, meza na ukuta.
"Huku pana nini?" Otia akauliza.
"Pana yeye."

Taa kubwa tuliisimamisha kwenye roshani ya jirani,
mama Tsiala, aliyekataa pesa
akakataa pia kuanua soksi za wajukuu.
Mwanga ukapenya katikati ya soksi,
kivuli chake kikawa kinapepea ukutani
pale ambapo mwongozaji mwingine
angetundika picha ya marehemu.
Badri akaomba radhi. Lamzira akamshika mkono: iache.

Mimi kazi yangu ilikuwa bodi nyeupe,
kuurudisha mwanga shavuni.
Nikiinamisha kidogo, Guliko anazeeka miaka kumi.
Nikiinua, kuna jambo analikumbuka.
Sikujua kabla ya siku ile
kwamba kumbukumbu inaweza kushikwa kwa mikono miwili
mpaka mabega yaume.

Nodar wa sauti alisimama muda mrefu
akisikiliza jokofu.
Akalizima, akatia funguo za gari lake ndani
karibu na jibini, ili asiondoke bila kuliwasha.
Ndipo tukasikia tulichokuwa hatukisikii:
bomba la jirani, theluji ikiporomoka kwenye bati,
pumzi ya Guliko, ambayo haikuwa ya kuigiza.

Zunguka.

Anamimina. Kikombe kimoja, tunakiona.
Anainuka, anatoka nje ya fremu,
na kutoka upande usioonekana
unasikika mlio wa kisahani juu ya mbao.
Kijiko. Sukari. Kijiko tena.
Kinakoroga, raundi nne, polepole,
na katikati ya raundi ya tano kinasimama.

Kamera haikugeuka kumtafuta.
Ilibaki inatazama kiti
kama mgeni asiyejua aage au asubiri.

Kwenye maandishi sukari ni kijiko kimoja.
Hakuna aliyemuuliza.

Badri akazima taa, chumba kikarudi kuwa chumba,
dogo, la kijivu, lenye harufu ya nyaya za moto.
Jokofu likawashwa, likatetemeka kama farasi.
Sisi tukaanza kukunja kamba,
naye Guliko akaketi upande wa kushoto
akainywa ile chai ya pili, iliyopoa, yote.

Hilo halimo kwenye filamu.
Lakini Nodar alikuwa hajazima mashine.
Anayo ile sauti ya kumeza,
na mpaka leo hajatuambia ataiweka wapi.